Pesa Isitangulie Ushahidi: Jinsi ya Kupima Maileji na Hali ya Gari Kabla ya Kulipa

Kwa wateja wetu wengi, gari ndilo kitu cha bei ghali zaidi watakachowahi kulipia kupitia simu. Pesa yenyewe hukusanywa pole pole: akiba ya miaka miwili, mgao wa chama, mkopo wa Sacco. Halafu inaondoka kwa kubonyeza nambari ya siri mara moja.

Mfumo wa malipo unaweza kukuonyesha jina la mpokeaji na kukupa ujumbe wa uthibitisho. Hauwezi kukuambia kama gari lililo mbele yako limetembea kilomita 70,000 au 170,000. Hilo utalipima mwenyewe ukisaidiwa na fundi, na ni lazima ulipime mapema. Ukishatuma pesa, ni wewe utakayekuwa ukimpigia muuzaji simu, naye ataamua kama atashika.

Somo la leo lina hatua tano. Lisome ukiwa na kalamu, kwa sababu kuna hesabu kidogo.

Nambari ya dashibodi ni dai tu

Odomita za siku hizi ni za kielektroniki. Kuna vifaa vinavyounganishwa na kompyuta ya gari na kuandika nambari mpya kwa dakika chache. Wengine hubadilisha dashibodi nzima na kuweka ya gari lingine lililotembea kidogo. Ukiangalia kwa macho, huoni alama yoyote. Kwa hivyo chukulia nambari hiyo kama maneno ya muuzaji: huenda ni kweli, lakini bado hayajathibitishwa.

Hasara ya maileji ya uongo haiishii kwenye bei. Chukua mfano wa injini inayotumia mkanda wa taimingi. Katika injini nyingi za aina hiyo, mkanda hubadilishwa gari likifika takriban kilomita 100,000. Dashibodi ikisema 70,000, utajiambia bado una muda. Kama ukweli ni 120,000, unaendesha na mkanda uliopitisha wakati wake. Ukikatika, kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni, na bili ya fundi inaweza kukaribia bei ya injini nyingine. Na kama umebeba watoto ukikatika kwenye barabara kuu, bili ndiyo shida ndogo.

Hatua ya 1: Panga nambari kwa tarehe

Odomita moja haikuambii mengi. Odomita pamoja na tarehe, mara tatu au nne, hukupa historia. Unachotafuta ni maandishi yaliyowekwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, kabla gari halijafika kwa huyu anayekuuzia.

Magari mengi yaliyotumika nchini yalitoka Japani, na hiyo inakusaidia. Kule, gari la binafsi hukaguliwa kwa lazima miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, halafu kila baada ya miaka 2. Usomaji wa odomita huandikwa wakati wa ukaguzi. Gari linapoondoka, cheti cha kulisafirisha nje hubeba usomaji wa ukaguzi wa mwisho. Muulize muuzaji nakala ya cheti hicho. Kama ndiye aliyeliagiza, anapaswa kuwa nacho.

Karatasi nyingine za kuuliza:

- Cheti cha ukaguzi uliofanywa kwa ajili ya KEBS kabla gari halijapakiwa melini. Mara nyingi huwa na usomaji wa odomita.
- Karatasi ya mnada wa Japani. Huwa na maileji na alama ya hali ya gari. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la wastani, na herufi R humaanisha lilirekebishwa baada ya ajali. Karatasi hii pia hughushiwa, kwa hivyo isiwe ushahidi wako wa pekee.
- Risiti za sevisi za hapa Kenya, na vibandiko vya kubadilisha oili. Tafuta vibandiko chini ya boneti, kwenye kona ya kioo cha mbele, na kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mtu anaweza kurudisha odomita nyuma akasahau kabisa kibandiko.
- Ripoti za bima au za ukaguzi wa awali, kama zipo.

Kumbuka pia kwamba nambari ya usajili huonyesha lini gari liliingia barabarani hapa Kenya. Haionyeshi liliundwa lini. Kanuni ya hapa inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo gari lenye herufi za KD linaweza kuwa lilitembea Japani miaka 7 kabla ya kukuona wewe.

Mfano wa hesabu

Tuseme unaangalia gari dogo lililosajiliwa Japani mwaka 2017 na kufika Mombasa mwaka 2023. Mwenyewe amelitumia miaka 3. Umekusanya haya:

- Ukaguzi wa Japani, 2022: kilomita 52,300
- Ukaguzi wa kabla ya kupakiwa, 2023: kilomita 58,000
- Dashibodi leo: kilomita 71,000

Nambari zinapanda, na kwa haraka unaweza kuridhika. Sasa piga hesabu. Kutoka 58,000 hadi 71,000 ni kilomita 13,000 kwa miaka 3. Hiyo ni takriban 4,300 kwa mwaka, au kilomita 12 kwa siku.

Halafu mwulize mwenye gari, bila kumtuhumu, alikuwa akilitumia vipi. Akikuambia alikuwa akitoka Rongai kwenda kazini katikati ya jiji kila siku, tayari amekupa hesabu nyingine. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 40. Mara siku 250 za kazi, ni kilomita 10,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni 30,000, kabla hujahesabu safari za ushago Desemba. Gari hilo lingepaswa kuwa na 88,000 au zaidi. Hadithi yake na odomita yake haziwezi zote mbili kuwa kweli.

Sasa fungua mlango, na kwenye fremu uone kibandiko kilichokwaruzwa nusu: "sevisi ijayo 103,000". Kama sevisi hufanywa kila kilomita 5,000, basi gari lilishafika 98,000. Hapo huna tena haja ya kubishana.

Na kama gari lilifanya kazi ya teksi? Kilomita 150 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, ni kilomita 45,000. Kwa miaka 3 ni 135,000. Ndiyo sababu swali la "lilikuwa linafanya kazi gani?" lina uzito kuliko swali la "limetembea ngapi?"

Hatua ya 2: Acha gari lijieleze

Karatasi zikikosekana, kuna vitu ambavyo havirudishwi nyuma kwa mashine. Angalia mahali ambapo mwili wa dereva hugusa gari kila siku.

Tazama raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa juu, mkono wa gia, na ukingo wa kiti cha dereva pale anaposhukia. Gari la kilomita 45,000 lenye pedali iliyolika hadi chuma, au lenye pedali mpya kabisa pamoja na kava mpya za viti, linahitaji maelezo. Vuta mkanda wa dereva hadi mwisho. Ukingo wake ukiwa na manyoya, umevutwa maelfu ya mara.

Kisha soma tairi. Ubavuni kuna nambari 4 za mwisho za msimbo unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama dashibodi inasema gari limetembea kidogo sana lakini tairi zimeshabadilishwa, uliza za kwanza ziliisha vipi. Tairi zilizolika upande mmoja zinaashiria bushi, alaimenti, au chasisi iliyopinda kwa ajali.

Vioo navyo vina alama ya mtengenezaji kwenye kona. Kimoja kikiwa na alama tofauti na vingine, kilivunjika. Angalia nati za boneti na za milango: rangi iliyobanduka kwenye nati humaanisha spana imepita hapo. Simama pembeni ya gari mchana, lisiwe na maji, na utazame bodi kwa mshazari. Rangi tofauti kidogo kati ya mlango na fenda, au upenyo usiolingana, ni kazi ya panelibita.

Kitu kimoja cha kuangaliwa zaidi siku hizi ni maji. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari Nairobi na kwingineko, na mengine yalisafishwa yakarudishwa sokoni. Inua zulia, pitisha mkono chini ya viti uguse reli, angalia sehemu ya tairi la spea. Kutu kwenye reli za viti, matope kwenye pembe zisizofikika, na marashi makali ndani ya gari ni sababu ya kuacha. Gari lililozama laweza kuwaka vizuri leo, kisha nyaya zikaanza kuoza mwezi wa tatu.

Hatua ya 3: Injini baridi, barabara, mashine

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ina joto, amelipasha, na injini yenye joto huficha matatizo ya kuwaka asubuhi.

Kabla ya kuwasha, toa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni kawaida ikikaribia sevisi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Fungua rejeta injini ikiwa baridi tu, na uangalie kama kuna mafuta yanayoelea. Kisha washa mtu mwingine akitazama bomba la moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto huenda ni maji ya rejeta. Moshi mweusi ni petroli inayoingia kupita kiasi.

Liendeshe angalau dakika 30. Pita kwenye lami mbovu usikilize shoki na bushi. Kata kona hadi mwisho usikilize mlio wa tak-tak mbele. Panda mlima. Kwenye gari la otomatiki, gia zisisite wala kuruka. Ikiwa ni haibridi, betri yake ipimwe na fundi anayezijua, kwa sababu ni kati ya vipuri ghali zaidi kwenye gari hilo.

Mwisho, fundi wako alisome gari kwa mashine. Haya ni maswali mawili ya kumwuliza. Kwanza, je, maileji yaliyo kwenye kompyuta nyingine za gari yanalingana na ya dashibodi? Baadhi ya magari huhifadhi usomaji huo mahali zaidi ya pamoja, na mkora husahau pengine. Pili, gari limetembea umbali gani tangu makosa yafutwe kwenye kompyuta? Jibu likiwa ni kilomita 4, mtu alifuta taa za hitilafu asubuhi hiyo kwa sababu unakuja.

Tunasema fundi wako, si wa muuzaji. Kama huna, AA ya Kenya hukagua na kuthamini magari, na karakana nyingi zitakufanyia kazi hiyo kwa bei mtakayopatana.

Maileji makubwa si dhambi

Usikimbie gari kwa sababu tu ya nambari kubwa. Gari la kilomita 140,000 lililotembea zaidi barabara kuu, lenye risiti za sevisi zinazofuatana, linaweza kuwa zuri kuliko la 60,000 lililokaa kwenye msongamano wa Nairobi. Kwenye foleni injini inanguruma, gia na feni zinafanya kazi, lakini odomita imelala. Muuzaji anayekuonyesha 140,000 na risiti zake amekupa kitu cha kupigia bei: mkanda, shoki, tairi, oili ya gia. Andika gharama hizo, zijumlishe, zitoe kwenye bei. Muuzaji wa 60,000 asiye na karatasi hata moja hajakupa kitu cha kuhesabu.

Hatua ya 4: Gari ni la nani?

Hali ikikuridhisha, hakikisha unaongea na mwenyewe. Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, fungua huduma za NTSA, utafute rekodi ya gari kwa nambari ya usajili. Utaona jina la mmiliki, na kama gari limesajiliwa pamoja na benki au mkopeshaji. Fanya utafutaji mwenyewe. Picha ya skrini aliyokutumia broka kwa WhatsApp haitoshi.

Kuna pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2017. Huonyesha kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. Logibuku ikiwa mkononi mwa mtu haimaanishi hana deni juu ya gari hilo.

Kisha linganisha nambari ya chasisi na ya injini kwenye gari na zilizo kwenye rekodi. Herufi zilizochongwa upya, au bamba lililochomelewa, hapo ondoka.

Hatua ya 5: Lipa kwa ngazi

Hapa ndipo sisi tunaingia. Kanuni yetu ni kwamba kila hatua ya ushahidi ndiyo inayofungua hatua ya pesa.

1. Kuona gari ni bure. Usitume "pesa ya mafuta" wala "ada ya kushikiliwa" kwa mtu ambaye hujaona gari lake. Matapeli wengi huishi kwa hizi elfu tatu tatu.
2. Pesa za kwanza hazimwendei muuzaji. Zinalipia utafutaji wa rekodi, kupitia eCitizen ambayo nambari yake ya Paybill ni 222222, na zinamlipa fundi wako.
3. Arubuni, au depo kama wengi wanavyoiita, hutoka baada ya hatua ya 1 hadi ya 4. Iwe ndogo, na iwe na mkataba ulioandikwa unaosema itarudishwa lini. Andika usomaji wa odomita ndani ya mkataba, na maneno kwamba muuzaji anathibitisha ndio wa kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo hayo. Bila maandishi, utabaki na kesi ya "aliniambia".
4. Salio hulipwa siku ya kuhamisha umiliki. Mwenye gari huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unaupokea na kuukubali kwenye yako. Kaeni pamoja, kwa wakili au kwenye ukumbi wa benki, kila mtu na simu yake. Usimpe mtu yeyote nenosiri lako la eCitizen wala nambari yako ya siri ili "akusaidie".

Kabla ya kuidhinisha malipo, soma jina la mpokeaji. Likiwa si la mmiliki uliyeona kwenye rekodi, simama. "Tuma kwa shemeji yangu, laini yangu imejaa" ni sentensi ambayo hufai kuilipia. Kwa yadi, jina la Till au Paybill lilingane na jina lililo kwenye mkataba.

Panga pia vikomo mapema. Kwa sasa kikomo cha kawaida cha pesa za simu ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Kwa kiasi kikubwa zaidi, tumia benki hadi benki. PesaLink, kwa mfano, hufika shilingi 999,999. Si lazima ubebe noti kwenye mfuko wa karatasi hadi Ngong Road.

Na kama wewe ndiye unayeuza, usikabidhi funguo kwa sababu umeona SMS. Angalia salio lako kwanza.

Maswali tunayoulizwa

*Muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja na pesa saa kumi. Nifanye nini?*
Mwache aje. Kama gari ni zuri na mtu huyo yupo, umekosa gari moja. Magari ya aina hiyo bado yapo.

*Nimeshatuma arubuni na simu haishikwi. Mtarudisha?*
Tupigie mara moja. Huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa pesa iliyotumwa kwa nambari isiyo sahihi, na mpokeaji akishaitoa, inakuwa kazi ya uchunguzi. Piga ripoti polisi siku hiyo hiyo na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho na mazungumzo yote.

*Karatasi zote zimepotea lakini bei ni nzuri sana.*
Basi thamini gari kana kwamba maileji hayajulikani, kwa sababu hayajulikani. Fundi akikuambia mkanda, shoki na tairi ni vya kubadilishwa, bei iwe imeshabeba vyote hivyo.

Hifadhi hii kwenye simu yako

- Usomaji wa odomita mara 3 au zaidi, kila mmoja na tarehe yake
- Hesabu ya kilomita kwa mwaka, ikilinganishwa na kazi ya gari
- Pedali, usukani, kiti, mkanda, tairi, vioo, reli za viti
- Boneti baridi, moshi, dakika 30 barabarani, mashine
- Rekodi ya NTSA, nambari ya chasisi, rehani
- Jina la mmiliki = jina la mpokeaji
- Odomita ndani ya mkataba

Ukifika kwa gari na ukose kujibu hata moja ya hizi, una haki ya kusema, "Nitarudi kesho," na pesa yako ikalala kwenye akaunti yako usiku huo.